Bayi Wetu wa Utemini

Ndugu msomaji, huenda nawe unaye mtu uliyesoma naye, ukamnunia siku moja utotoni, kisha miaka ikapita pasipo kumwambia neno ulilopaswa kumwambia. Mimi ninaye. Alizikwa Singida mwaka 2023. Nilifika kutoka Dar es Salaam nimechelewa. Kaburi limekwisha kufukiwa, na wazee wameketi juu ya mikeka nyumbani kwake Utemini.

Kata hiyo ya mji wa Singida ndiko tulikokulia sote wawili. Tarehe 2 Februari 1974 Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Habari ilitufikia kwa redio, na tangu hapo kila mtoto wa shule yetu akajiona mkimbiaji. Lakini aliyekuwa na pumzi ya kweli alikuwa mmoja tu. Huyo aliamka alfajiri, akakimbia hadi ukingo wa Ziwa Singidani, na kurejea kabla ya kengele ya shule. Tukamwita Bayi, na jina likamganda hadi uzeeni. Kwa jina hilo nitamtaja hapa.

Mwaka ule tulikuwa darasa la saba. Shule zilishindana ili ipatikane timu ya kusafiri nje ya mkoa. Katika mbio za kupokezana vijiti mimi nilikuwa wa tatu, Bayi wa nne. Nilimkabidhi kijiti, akawapita wawili, tukashinda, tukabebwa juu kwa juu. Mara nikamwona anakwenda peke yake kwa mwalimu aliyeshika bendera. Alimweleza kwamba alikipokea kijiti akiwa amekwisha kuuvuka mstari wa majivu, uliokuwa mwisho wa mahali pa kupokelea. Mwalimu hakuwa ameona, na majivu yenyewe upepo ulikuwa umeyapeperusha. Ushindi wetu ukafutwa, wakasafiri wengine.

Nilikuwa nimekwisha kumwambia mama kwamba nitapanda gari moshi. Nikamnunia Bayi hadi siku tulipomaliza shule.

Yeye alianza maisha akiwa utingo wa lori. Biashara ilipoanza kulegezwa masharti katikati ya miaka ya 1980, akaingia katika vitunguu, zao ambalo mkoa wetu unasifika kwalo. Msomaji wa mjini, unayenunua kitunguu kwa fungu, huenda hujui lumbesa ni nini. Ni gunia linalojazwa hata mdomo usifunge, kisha likashonewa kilemba juu. Mkulima hulipwa gunia moja, ilhali ametoa karibu moja na nusu. Wakati ule mimi nilikuwa kiwandani Dar es Salaam, mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Nikachanga fedha na wenzangu watatu, tukamwandikia Bayi atupelekee magunia ya lumbesa. Yalikuja yamepimwa kwa mizani, bapa kama mito. Ndani ya moja mlikuwa na barua fupi: "Mkulima naye ana watoto wanaosoma." Faida yetu haikutosha hata nauli ya kuyafuata stesheni. Nikamnunia mara ya pili.

Baadaye Wakala wa Vipimo ulipoanzishwa mwaka 2002, na wanunuzi wakazidi kukumbushwa kwamba gunia lisizidi kilo 100, wengi walihangaika kutafuta mizani. Ya Bayi ilikuwa imekwisha kushika kutu. Kufikia hapo alikuwa pia na mashine ya kukamua alizeti, na wafugaji wa jirani walikwenda kwake kununua mashudu.

Mwaka 1999 wananchi walimchagua kuwa mwenyekiti wa mtaa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulipoanza mwaka 2002, ada ilikuwa imeondolewa, watoto wakafurika, madarasa yakawa haba. Wazazi wakakubaliana kuchangia ujenzi. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikahudhuria mkutano mmoja. Bayi alisimama na daftari, akasoma majina ya waliotoa na ya wasiotoa, bila kumruka mtu. Alipofika katikati ya orodha akasoma kwa sauti ile ile: "Mwenyekiti, saruji mifuko miwili, bado." Watu wakacheka. Kesho yake asubuhi mifuko ile ililetwa kwa mkokoteni, na ya wengine ikafuata.

Jioni alikwenda kiwanjani kuwafundisha watoto kukimbia. Hakulipwa kwa kazi hiyo.

Sasa nikuambie, ndugu msomaji, lile nililolificha. Siku ile ya mwaka 1974, mstari wa majivu niliuona. Anayetoa kijiti ndiye anayeitazama miguu ya mwenzake. Niliona, nikanyamaza. Sikumnunia Bayi kwa kutukosesha safari. Nilimnunia kwa sababu yeye alisema na mimi nikanyamaza.

Msibani mjane wake aliniuliza, "Shemeji, wewe ndiwe uliyempa kijiti? Marehemu aliwasimulia watoto kila mara. Alisema kosa lilikuwa lake, aliondoka mapema mno, na mwenzake hakuwa na hatia." Nikainamisha kichwa. Nilishindwa kumjibu.

Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wetu, alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia mjini Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros alikuwa nyuma yake kwa sehemu tatu za mia za sekunde, yaani 0.03, na ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Kule palikuwa na mitambo ya kuona kila unyayo. Kwetu palikuwa na majivu, upepo, na watoto wawili waliojua ukweli. Nilitamani nimpigie Bayi simu.

Wewe ambaye wako bado yu hai, usingoje mikeka itandikwe. Mwandikie, au mpigie simu leo hii, Jumapili, ungali nyumbani.