Barabara ya Tanzam na Watu Wake

Tunapoutaja utamaduni wa taifa letu, fikra za wengi hukimbilia ngoma, mavazi, vyakula na masimulizi ya wazee. Hayo yote ni kweli, wala hatuna ugomvi nayo. Lakini ipo kazi nyingine ya mikono ya watu ambayo aghalabu husahauliwa katika hesabu hiyo, nayo ni njia. Watu huijenga njia, na njia nayo huwajenga watu: huwapa majirani wapya, bidhaa mpya, maneno mapya, na pengine misiba mipya. Katika makala haya tunakusudia kuizungumzia barabara moja tu, ile itokayo Dar es Salaam hadi Tunduma, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita Tanzam. Tumeichagua kwa sababu tulizaliwa kando yake, na kwa sababu tunalo deni kwake ambalo hatujamaliza kulilipa.

Kwanza tuifuate mwendo wake. Barabara hii ina urefu unaozidi kilomita 900. Huiacha bahari nyuma, hupita Kibaha na Mlandizi, huuvuka Mto Ruvu na kufika Chalinze, mahali ambapo wasafiri wa Tanga, Moshi na Arusha hujitenga na kushika njia ya kaskazini. Yenyewe huendelea hadi Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kisha huikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa mwendo wa kilomita 50 hivi, ambapo twiga na tembo humtazama msafiri kama mwenyeji anavyomtazama mgeni asiyebisha hodi. Baada ya hapo huingia katika bonde la Mto Ruaha Mkuu, penye mibuyu mingi na joto kali, na ghafula huanza kuupanda Mlima Kitonga, kona baada ya kona, mpaka hewa inapobadilika na msafiri kuanza kutafuta koti lake. Hupita Ilula na Iringa, hupenya misitu ya misindano karibu na Mafinga, na hufika Makambako, njia panda ya kwenda Njombe na Songea. Kisha huambaa na uwanda wa Usangu, hupanda Uyole, hupita Mbeya na Vwawa, na hatimaye hufika Tunduma. Wahenga walisema hakuna marefu yasiyo na ncha. Barabara hii, hata hivyo, haina ncha Tunduma, kwani ng'ambo ya mpaka, Nakonde, huendelea na safari yake ndani ya Zambia.

Njia ya magari katika sehemu hizo ilikuwapo tangu zama za ukoloni, lakini ilikuwa ya udongo. Kilichoifanya iwe barabara kuu ni dhiki ya jirani. Zambia ilipata uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa uongo katika Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Shaba ya Zambia na mafuta yake yalikuwa yakipita huko. Ikawa kana kwamba mtu amekabwa koo. Hapo ndipo malori yalipoanza kumiminika katika njia yetu ya udongo, yakipeleka mafuta kwa mapipa na kurudi na shaba. Wakati wa kiangazi madereva walikula vumbi, na wakati wa masika magari yalizama matopeni au kuporomoka makorongoni. Madereva wa kigeni waliibandika jina la njia ya Jehanamu.

Jibu la dhiki hiyo lilikuwa kazi tatu kubwa. Ya kwanza ni bomba la mafuta la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Ya pili ni kuitia lami barabara, kazi iliyofanywa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambapo Marekani na Benki ya Dunia zilikuwa miongoni mwa waliokopesha fedha. Ya tatu ni reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Mataifa makubwa yasiyopatana yalifanya kazi katika nchi moja, kwa ajili ya kumpa jirani yetu pumzi. Hiyo ni fahari ambayo kila mwanafunzi anastahili kuijua.

Sasa tulieleze lile deni letu. Katikati ya miaka ya 1990 tulikuwa karani katika ofisi moja ya serikali. Siku moja mkubwa wetu wa kazi alituagiza kuandika kijitabu kifupi kuhusu maendeleo ya mkoa, na ukurasa mmoja katika kijitabu hicho ulihusu barabara. Kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuchapisha mashairi mawili matatu gazetini, tulijiona tunaiweza kalamu. Tuliandika urefu wa barabara, jumla ya mikopo, nchi zilizokopesha, na idadi ya madaraja. Tulisifiwa. Tulipokwenda nyumbani likizo, tulimchukulia baba nakala moja, tukiwa na matumaini ya kusifiwa tena.

Baba alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya kisomo yaliyoenea baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Tulikaa kimya tukimngojea. Alipomaliza ukurasa wa barabara, alirudi juu akausoma tena, kana kwamba ameangusha kitu. Kisha akauliza:

"Mwanangu, mbona hapa hamna mtu?"

Hatukumwelewa mara moja. Tukamwonyesha majina ya nchi na ya benki. Akatikisa kichwa.

"Hao ni wenye fedha. Mimi nauliza watu."

Ndipo tulipokumbuka jambo ambalo tulilijua tangu utotoni, lakini hatukupata kulifikiri kuwa ni historia. Baba alikuwa kibarua wa barabara ile. Kabla hatujajua kutembea, yeye alikuwa Kitonga akibeba mawe, akichimba mitaro na kusuka vyuma vya makalavati. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kidole kisichokunjika, nasi tulikua tukikiona kidole hicho kila siku mezani, bila kukiuliza kilipotoka. Tulitafuta habari za barabara katika majalada ya ofisi, ilhali jalada lenyewe lilikuwa likitukatia nyama tule.

Miaka michache baadaye baba aliugua, akaandikiwa kwenda kutibiwa Dar es Salaam. Tulisafiri naye kwa basi. Ajabu ni kwamba mzee huyu aliyeijenga barabara alikuwa hajapata kuisafiri kupita Morogoro. Tulimpa kiti cha dirishani. Basi lilipoanza kuteremka Kitonga, alisahau ugonjwa wake. Kila kona aliifahamu kama mfugaji anavyowafahamu ng'ombe wake. Pale walipiga kambi. Pale mwamba uliwashinda kwa siku nyingi hata ukalipuliwa kwa baruti. Pale kuna kalavati alilolijenga yeye na wenzake, na mpaka siku ile maji ya masika yalikuwa yakipita ndani yake bila kuidhuru lami. Abiria wa viti vya jirani walianza kusikiliza. Dereva naye alipunguza mwendo, sijui kwa ajili ya mlima au kwa ajili ya mzee.

Katika kona moja baba alivua kofia. Alisema kwamba hapo jiwe liliporomoka na kuwaua watu watatu. Tulitoa daftari, tukamwomba atutajie majina yao. Wawili aliwataja kwa majina yao na vijiji vyao. Wa tatu alimjua kwa jina la Mnyalukolo tu, neno ambalo watu wa Iringa huitana kwa maana ya ndugu wa ukoo. Alikuwa ametoka mbali kutafuta kibarua, na wenzake wakamfanya ndugu, lakini jina alilopewa na mamaye hawakulipata. Hatuyachapi hapa majina yale mawili, kwa kuwa hatujawapata jamaa zao tukawaomba ruhusa. Lakini daftari tunalo, na kazi ya kuwatafuta hatujaiacha. Baba alifariki dunia mwaka uliofuata.

Tangu safari ile tumekuwa tukiitazama barabara kwa macho mengine. Mfano ni Lugalo, kati ya Ilula na Iringa. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, mashujaa wa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, naye akauawa. Karibu na barabara upo mnara. Lakini mnara ule ulijengwa na Wajerumani kwa ajili ya wafu wao. Wahehe waliofia pale wakiitetea nchi yao, majina yao hayakuandikwa juu ya jiwe lile. Basi tuliona kwamba kosa letu la kijitabu lilikuwa na ndugu zake wa kale. Mwenye kalamu, au mwenye patasi, huwakumbuka wa kwake. Mkoloni tunaweza kumwelewa, kwani wale hawakuwa watu wake. Sisi tuliwasahau wa kwetu.

Isidhaniwe kwamba tunaisifu barabara pasipo kuona madhara yake. Imetuletea mengi mema. Nyanya za Ilula, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na mchele wa Usangu hulala leo shambani na kesho hulala sokoni Dar es Salaam. Mama yetu alitulipia ada ya sekondari kwa makopo ya nyanya aliyoyauza kwa abiria madirishani. Kiswahili nacho kilipata miguu, kwa kuwa Mzaramo, Mluguru, Mhehe, Mbena, Msangu na Mnyiha, wakikutana katika kituo cha mabasi, hawana haja ya mkalimani. Hata wapigania uhuru walipata hifadhi kando yake. Chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mkuu wa mashauriano mjini Morogoro mwaka 1969, na kuanzia mwaka 1978 kilijenga shule yake hapo Mazimbu. Lakini barabara hiyo hiyo imetuzika wengi kwa ajali, na gonjwa la UKIMWI lilipoingia, mikoa iliyo kando yake, Iringa na Mbeya, na Njombe iliyozaliwa kutoka Iringa mwaka 2012, ilikuwa miongoni mwa iliyoumia sana. Katika ukoo wetu wapo waliokwenda kufanya biashara katika vituo vya malori wakarudi kuuguzwa na mabibi zao. Nao ni watu wa barabara hii; tukiwaacha nje ya historia yake, tutakuwa tumerudia kosa lile lile.

Kwa hiyo tuna ombi kwa walimu, hasa wale wanaofundisha katika shule zilizo kando ya barabara kuu yoyote ya nchi yetu. Somo la historia na somo la Kiswahili yanaweza kukutana kwa mzee mmoja aliyekaa barazani. Wapeni wanafunzi daftari, waende wakamuulize ni nani aliyechimba mtaro ule, kambi ilikuwa wapi, walikula nini, waliimba wimbo gani wakati wa kuvuta gogo, na ni nani hakurudi nyumbani. Wayaandike majina kwa ukamilifu, pamoja na vijiji. Wasione haya kuandika jina la utani pale jina halisi lilipopotea, maana nusu ya jina ni bora kuliko kimya. Waliofanya kazi ile wakiwa vijana sasa ni wazee sana, na kila masika inayopita huondoka na baadhi yao. Kazi hii haiwezi kungoja mtaala mpya.

Nanyi wanafunzi, mnapopita Kitonga kwa basi wakati wa likizo, acheni usingizi kidogo mtazame nje. Chini ya lami mnayoipita kuna mawe, na kila jiwe lilibebwa na mtu. Mmoja wao alikuwa na kidole kisichokunjika. Mwingine aliitwa Mnyalukolo. Tungali tunalitafuta jina lake, na ikiwa katika kijiji chenu yupo mzee anayemkumbuka kijana aliyekwenda kufanya kazi ya barabara Kitonga asirudi, tafadhali muulizeni, mliandike.