Simba Jukwaani, Kicheko Ukumbini

Ipo michezo ya nyimbo ambayo hadhira yake hulia mwishoni, kisa kikishafikia kilele. The Lion King huliza watu mwanzoni, kabla kisa hakijaanza. Pazia likifunguliwa, Rafiki hupaza sauti kwa Kizulu, nayo kwaya humwitikia. Kisha wanyama huingia ukumbini kwa kupita katikati ya viti vya watazamaji, na jukwaani huonekana twiga wanaotembea kwa mironjo, tembo aliyebebwa na watu wanne, na ndege wanaopepea kwenye ncha za fimbo. Hapo watu wazima, waliokuja na watoto wao kwa kisingizio cha kuwafurahisha watoto, huonekana wakijifuta machozi.

Filamu ya katuni yenye jina hilo ilitolewa na kampuni ya Disney mwaka 1994. Mchezo wa jukwaani ulifunguliwa Broadway, New York, tarehe 13 Novemba 1997, na mwaka uliofuata ukatunukiwa tuzo 6 za Tony. Ukumbi wa Lyceum wa London umekuwa ukiuonyesha tangu 1999, na Johannesburg uliupata mwaka 2007. Waliouona duniani kote wamepita milioni 100. Mwongozaji wake, Julie Taymor, hakuwaficha waigizaji ndani ya ngozi za bandia: kinyago hukaa juu ya kichwa, uso wa mtu ukabaki wazi chini yake, hata mtazamaji akawaona simba na binadamu kwa pamoja. Filamu haikuwa na uwezo huo.

Inasemwa mara kwa mara kwamba hadhira hiyo hulilia maneno isiyoyaelewa. Hoja hii ni dhaifu, na watu wa visiwani ndio wa kwanza kuujua udhaifu wake. Katika maulidi ya Barzanji, wangapi wanaotikisika na kudondokwa na machozi wanaweza kufasiri beti za Kiarabu zinazosomwa? Sauti hutangulia, maana ikafuata. Na mara nyingine maana haifiki kabisa, wala hakuna anayejiona amepunjwa. Mpenzi wa ushairi hana haki ya kumcheka Mwingereza anayelia kwa Kizulu.

Tofauti hujitokeza Kiswahili kinapoingia. Tumchukue mtazamaji wa kubuni, mwanamke aliyelelewa Nyegina, si mbali na mji wa Musoma, katika mkoa ambao simba si mnyama wa vitabuni: ushoroba wa magharibi wa Serengeti unanyoosha mkono wake hadi karibu na Ziwa Victoria. Leo yuko London na amekata tikiti ya Lyceum. Kizulu hakijui, ingawa katika neno ingonyama, ambalo ni simba na pia ni lakabu ya mfalme wa Wazulu, sikio lake la Kibantu linaisikia "nyama" na kushtuka kidogo. Lakini mara wanatajwa Simba, Rafiki, Pumbaa. Wenziwe wanasikia majina. Yeye anasikia maneno. Mfalme mtarajiwa anaitwa "simba" kama vile mtu angemwita mwanawe Mtu. Pumbaa kwake ni amri: wewe, pumbaa! Anacheka peke yake, na jirani yake anageuka kumtazama. Jina la mama yake Simba, Sarabi, huenda likampita, kwa kuwa ni neno la pwani zaidi, lenye asili ya Kiarabu, nalo ni mazigazi. Malkia aitwaye Mazigazi! Hapo mshairi yeyote wa Lamu au Pemba angeinua kichwa.

Ukifika wimbo wa "Hakuna Matata", ukumbi mzima hucheka na kupiga makofi, na mwanamke wa Nyegina hutulia. Kwao husemwa "hamna shida". Maneno ya wimbo ule anayajua kuwa ni ya wageni na ya fulana za ufukweni, ingawa "matata" ni neno zuri lenye ukoo mkubwa: tata, utata, tatizo, kutatanisha, yote ni habari za uzi uliofungamana. Bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa iliutangaza msemo huo kwa wimbo "Jambo Bwana" mwaka 1982, miaka 12 kabla ya filamu. Disney iliomba kuusajili kama alama ya biashara nchini Marekani, ikakubaliwa mwaka 2003. Na mwaka 2018 watu wengi wakatia saini zao kupinga. Hayo nayo ni mapokezi ya hadhira, japo yalichelewa na hayakuwa na makofi.

Nyegina ina kisa chake cha majina na michezo. Desemba 1943, katika misheni ya hapo, kijana wa Butiama aitwaye Kambarage alibatizwa na kuchukua jina la Julius. Miaka 20 baadaye, akiwa Rais wa Tanganyika, alichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare wenye jina lilo hilo, Julius Caesar, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Nyerere alichukua jukwaa la Wazungu akalitaka liseme kwa Kiswahili kinachoeleweka neno kwa neno. Disney ilichukua Kiswahili ikakitaka kilie tu, kama zumari. Zumari si chombo cha kudharauliwa, lakini hakuna anayeliuliza limesema nini.

Na lipo jina moja ambalo afadhali lingebaki mlio mtupu. Kiongozi wa fisi, wale walafi wa mpakani wasiotakiwa nchini, anaitwa Shenzi. London jina hilo halimsumbui mtu. Msomaji wa pwani pengine hutabasamu, akikumbuka ni neno lake. Ni lake kweli: lilikwenda bara na misafara ya karne ya 19, likawashukia watu wa huko kama sifa yao, kisha walowezi wa kizungu wakaliokota na kulitumia vilevile. Wahenga wa mwanamke yule wa Nyegina walikuwa miongoni mwa walioitwa hivyo, nao walioita hivyo hawakuwa Disney.

Wakati wa mapumziko jirani yake, aliyekwisha kugundua kuwa anaijua lugha, anamwuliza kwa adabu maana ya Rafiki. Anamwambia. Anauliza Pumbaa; anamwambia, na wote wawili wanacheka. Kisha anauliza Shenzi. Kengele ya kurudi vitini inalia, na mwanamke bado anatafuta pa kuanzia.