Swali Tulilopewa Mlimani

Sisi tuliopanda Mlimani katika miaka ya mwisho ya sitini tulikuwa wachache, na uchache ule ulikuwa mzigo zaidi ya fahari. Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wasiofika kumi na watano. Mwaka 1964 kikahamia kilimani kilipo hadi leo. Nilipoingia kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Nilipotoka kilikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa maana tarehe 1 Julai 1970 kila nchi ilichukua chake. Hapa Mlingotini, kijiji cha wavuvi na washona makuti, mtoto aliyefika huko hakuwa wa baba yake peke yake. Watu walimchangia nauli, wakamdai barua, na alipokuja likizo walimkalisha barazani wamwulize serikali imesema nini.

Hatukudekezwa. Walioitangulia safu yetu walipoandamana Oktoba 1966 kupinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, karibu mia nne. Tuliofuata tulivaa kaputula tukalima, na baada ya kambi tukafanya kazi miezi mingi tukipokea sehemu tu ya mshahara, bila kunung'unika kwa sauti. Barabara ya Bagamoyo ilikuwa ya udongo, na masika yakishika, lori lilikuwa likilala njiani na abiria wake. Vijana wa leo mnaofika hapa kwa saa moja na nusu mkitokea Mwenge, sisemi haya ili mtuonee huruma. Nayasema kwa sababu katika umaskini ule tulipewa kitu ambacho ninaona kimepungua sasa, wakati vingine vyote vimeongezeka.

Tulipewa swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake.

Idara ya historia ya wakati ule ilikuwa na watu kama Terence Ranger, Isaria Kimambo, Arnold Temu na John Iliffe. Maktabani vitabu vilivyotuhusu vilikuwa vimeandikwa na maofisa wa kikoloni na wamisionari, na kuhusu Vita vya Maji Maji mmoja wa mashahidi wakuu alikuwa gavana mwenyewe, Graf von Götzen, aliyeviandikia kitabu baada ya kuvizima. Mwaka 1968 Iliffe na Gilbert Gwassa walipanga kazi ambayo, kwa akili ya kawaida, ilistahili kupewa maprofesa: wakawapa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kila aliyetoka sehemu zilizopiganwa alirudi nyumbani kwao likizo, na daftari lake, akawatafute wazee waliokuwa hai mwaka 1905. Hesabu ilikuwa nyepesi na ya kutisha. Kijana wa miaka kumi na saba aliyekunywa maji ya dawa ya mganga Kinjeketile Ngwale alikuwa sasa ana miaka themanini. Kungoja miaka mitano kulikuwa ni kungoja makaburi.

Wenzetu walikwenda Umatumbi, Ungindo, Ungoni, Mahenge na kwingineko. Walirudi na miguu iliyopasuka na habari ambazo hazikuwamo katika jalada lolote: namna mnong'ono ulivyopita kutoka mtu kwa mtu kabla ya vita, chuki ya mashamba ya pamba ambayo watu walilimishwa kwa nguvu na kulipwa senti, na kwamba kila nchi iliingia vitani kwa sababu zake, wengine kwa imani ya maji, wengine kwa hesabu za watawala wao. Wazee walipingana. Alichokisema mmoja mwingine alikikana, na mwanafunzi alilazimika kuandika yote mawili, kisha akae nayo usiku hadi aone lipi linabeba lipi. Karatasi zile zilipigwa taipu, zikakusanywa, na hadi leo hakuna anayeandika kwa uzito juu ya vita vile bila kuzipitia. Waliozikusanya walikuwa na miaka ishirini na kitu.

Sisi wa pwani ya kaskazini hatukuwa na Maji Maji. Tulikuwa na Abushiri bin Salim na vita vyake vya mwaka 1888. Walioviona walikuwa wamekwisha karibu wote, wamebaki waliovirithi kwa masikio. Nilimwendea bibi mmoja wa hapa hapa, aliyekuwa akisuka ukili kibarazani. Hakuinua macho. Nilipomaliza kumwamkia na kueleza, alilowesha ukili kwa maji ya kifuu, akausuka hadi mwisho wa miyaa aliyoishika, ndipo akaniuliza, "Ukishajua, utafanya nini?" Nikamwambia nitaandika yasipotee. "Basi andika sawasawa, mwanangu. Waliokufa hawatakuja kukusahihisha." Kisha akanisimulia jinsi mama yake, akiwa mwari, alivyofichwa kwenye mikoko siku manowari za Wadachi zilipopiga mizinga upande wa Bagamoyo, na jinsi maji yalivyokuwa yakipanda na hakuna aliyethubutu kutoka. Sijapata mwalimu wa mbinu za utafiti aliyemzidi yule bibi.

Uchunguzi ule haukuishia kwenye historia. Ebrahim Hussein, mtoto wa pwani ya kusini aliyesoma Mlimani, aliichukua habari ya Kinjeketile akaifanya tamthilia, ikachapishwa mwaka 1969, na hoja yake kubwa ilikuwa ile ambayo karatasi za utafiti zilikuwa zikiizunguka: neno likishatoka kinywani mwa mtu, nani ana mamlaka nalo? Daisy Sykes aliandika maisha ya babu yake Kleist Sykes, na kazi hiyo ikaingia katika kitabu Modern Tanzanians alichokihariri Iliffe mwaka 1973. Upande wa pili wa kilima, wanafunzi walitoa jarida lao, Cheche. Mwaka 1970 toleo zima lilibeba andiko la Issa Shivji, kijana wa sheria, lililouliza kama Azimio la Arusha limeondoa matabaka au limezaa tabaka jipya. Jarida lilifungiwa mwaka huo huo. Wapo miongoni mwetu waliomwona Shivji amevuka mpaka. Mimi niliona, na bado naona, kwamba nchi inayowaogopa wanafunzi wake wanaouliza imeanza kuogopa kivuli chake.

Leo nafasi ni nyingi, na ni haki kuzitaja kwa heshima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Wiki ya Utafiti na Ubunifu kila mwaka, ambapo mwanafunzi husimama mbele ya kazi yake akahojiwa na wageni. Serikali ilianzisha MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, mwaka 2019, na fundi asiye na cheti hushindana humo pamoja na mwanachuo. Tume ya Sayansi na Teknolojia ipo tangu mwaka 1986. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, huwakopesha wanaostahili hata fedha za utafiti. Zaidi ya hayo yote, mabinti wamejaa madarasani. Sisi tulikuwa tukiwajua wote kwa majina, kwa uchache wao. Binti wa hapa anayesomea sayansi ya bahari hahitaji kumweleza mtu kwa nini yuko kwenye ngalawa.

Na bahari imekuwa darasa kweli kweli. Keto Mshigeni wa Mlimani alikuwa akiuchunguza mwani tangu miaka ya sabini, wakati wengi tuliuona kuwa ni takataka za ufukweni. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 kikavuka hadi kwetu, na wanawake wa Mlingotini wakapata fedha ambayo haikupitia mkononi mwa mume. Kisha maji yakapata joto, na kotonii, mwani wenye bei, ukaanza kufa kwenye kamba, ukibaki spinosamu wa bei ndogo. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Flower Msuya mbele yao, waliingia majini na akina mama kujaribu kamba zinazoelea kwenye kina kirefu. Huo ndio utafiti ninaouelewa, ambao anayeulizwa na anayeuliza wamelowa pamoja.

Lakini wengi wanaotufikia sasa hawaji hivyo. Huja na barua ya chuo iliyopita kwa katibu tawala wa mkoa, wilaya, mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji, ina mihuri ya kutosha kufungulia benki. Huja na dodoso kwenye simu. Karibuni kijana mmoja mwenye adabu nzuri alimwuliza jirani yangu, mkulima wa mwani, "Kwa kiwango cha moja hadi tano, umeridhika kiasi gani na mavuno ya baharini?" Mama yule akamwuliza, "Kwenye bamvua au kwenye maji mafu?" Simu haikuwa na kisanduku cha jibu hilo. Kijana akabonyeza tatu, akashukuru, akaenda nyumba ya pili. Jibu alilokuwa amepewa, kwamba ridhaa ya mkulima huyu hupanda na kushuka na mwezi, lingetosha kuandikiwa tasnifu nzima.

Simlaumu yeye. Swali lilikuwa limepikwa mahali pengine, na yeye alitumwa kulipakua tu. Mhadhiri wa zamani alisimamia vijana wachache akawajua hata vijiji vyao. Wa leo ana jeshi la watu wa kusahihishia, na anayesahihisha ripoti nyingi hivyo hujikuta akiangalia zaidi kama sura zimepangwa vizuri kuliko kama kuna mtu aliyejua jambo jipya. Ndipo vibanda vya stationery vinapopata biashara ya kuandikia watu utafiti, na sasa akili mnemba imefanya kazi hiyo kuwa ya nusu saa. Kijana aliyepewa swali ambalo jibu lake linajulikana, kwa nini asilichukue lilipo? Hata sisi, na ukali wetu wote, tungefanya vivyo hivyo. Kilichotulinda ni kwamba majibu yetu hayakuwapo popote isipokuwa vichwani mwa wazee.

Hapa Mlingotini bado yamo ya namna hiyo. Sijamwona aliyeandika majina ya miamba na mikondo ambayo manahodha wetu huyatumia usiku, na wanaoyajua wote wana mvi. Sijamwona aliyefuatilia sawasawa familia zilizoishi miaka mingi zikingoja bandari kubwa ya Mbegani, waliopanda na walioacha kupanda kwa sababu ya kungoja. Sijamwona aliyewauliza akina mama wa mwani ni maarifa gani waliyagundua wenyewe kabla ya wataalamu kufika, na nina hakika ni mengi. Wanafunzi wa Chuo cha Sanaa pale Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, wangeweza kusikiliza nyimbo za kuvuta nyavu ambazo mashine za boti zinazinyamazisha.

Barua yenye mihuri tutaipokea, maana ni utaratibu wa nchi. Ila msije siku za bamvua. Wanawake wote wapo majini tangu maji yanapoanza kutoka, na hamtamkuta wa kuzungumza naye. Njooni maji mafu, mlale angalau usiku mmoja, na daftari liwe na kurasa tupu.