Bi mkubwa ana sukari, sufuria ni moja: mdada wa Mbagala na vikopo vyake vya Jumapili

Duka analouza Kariakoo linafungwa saa 12 jioni. Lakini watu wa Mbagala mnajua, kufunga duka sio kufika nyumbani. Kuna kugombania daladala, kuna foleni ya Barabara ya Kilwa, ukishuka Rangi Tatu upite gengeni kwanza, ndiyo ukabandike maji ya ugali. Siku nyingi msosi wa usiku kwao ulikuwa unaiva saa 4.

Mdogo wake wa kiume haikumsumbua, anasukumia na chipsi za kibandani. Ishu ilikuwa kwa bi mkubwa. Ana kisukari, na vidonge vyake vya jioni anameza saa 1 kamili kama alivyoelekezwa kliniki. Nusu ya pili ya maelekezo, kwamba ukimeza ule, ndiyo ilikuwa imepotea njiani.

Siku moja mdada anafika anamkuta mama kwenye kochi, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, anaongea vitu havieleweki. Dogo alishamnyima hata chai, akijua sukari imepanda. Kumbe ilikuwa imeshuka! Baadhi ya dawa za sukari, na sindano ya insulini pia, ukitumia halafu tumbo likawa tupu, sukari inaweza kuporomoka. Jirani mmoja mtu mzima ndiye aliyestuka: "Mpeni maji ya sukari haraka, maadamu bado anaweza kumeza!" (Aliyezimia hawekewi kitu mdomoni, anakimbizwa hospitali.) Akanywa, baada ya dakika kadhaa akarudi kwenye hali yake, wakampa chakula.

"Mama, kwa nini hukula chochote?"

"Nilikuwa nakusubiri, mwanangu. Nile peke yangu kwani mimi mgeni?"

Jibu hilo lilimkata maini. Kwa miezi kadhaa walikuwa wanampikia kisufuria chake pembeni, vitu vya kuchemsha visivyo na ladha, wenyewe wanaita "chakula cha mgonjwa". Mama hakuwahi kulalamika. Alikuwa anakiacha mezani na kusubiri sufuria ya wote.

Ndiyo Jumapili zikabadilika. Jumamosi usiku mdada analoweka maharage na choroko. Asubuhi anavichemsha mpaka vinaiva, havitii nazi, maana tui linawahi kuchacha. Pembeni anakaanga rosti ya vitunguu, nyanya, karoti na hoho kwa mafuta kidogo. Vibua anavisafisha na kuvichoma. Vyote vikipoa, anagawa kwenye makopo ya aiskrimu, kopo moja usiku mmoja. Ya Jumatatu mpaka Jumatano yanakaa friji, ya Alhamisi na Ijumaa yanaingia friza. Umeme ukikatika, ni marufuku kufungua fungua mlango. Kopo likitoa harufu, linamwagwa, hakuna kuonea huruma.

Jioni saa 12 na nusu zamu ni ya dogo. Anatoa kopo, anachanganya na rosti, anapasha mpaka linachemka vizuri. Anakatia matembele au mchicha uliochumwa siku hiyohiyo, anasonga ugali wa dona. Saa 1 watu wako mkekani.

Sahani ni moja kwa wote: nusu mboga za majani, robo maharage au samaki, robo ugali. Mwanzoni walidhani dona ni ruhusa ya kula mlima. Wapi! Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, lakini bado ni wanga, ukijaza sahani sukari inapanda tu. Dogo akiona robo haimtoshi anaongeza yake, ila hakuna tena kisufuria cha pembeni. Juisi imetoka mezani, maji yameingia. Na dawa hakuna aliyezigusa, hizo bado ni za daktari.

Sio kwamba kila kitu kimenyooka. Kuna Jumapili ya msiba, kuna Jumapili ya uchovu, na kuna siku mama kakutwa na andazi la jirani. Wiki hizo wanarudi kwenye mayai na mboga za gengeni, mradi saa 1 isipite.

Kilichobaki vilevile ni foleni. Mdada bado anafika saa 3, sahani yake imefunikiwa kwa kawa. Mama alishakula zamani, lakini halali. Anavuta kigoda, anakaa pembeni yake na kikombe cha maji.

"Kula mwanangu. Sasa hivi mgeni ni wewe."

Na huko kwenu je, mwenye sukari anakula saa ngapi, na anakula na nani?