Saa isiyo na rafiki

Leo tuiache siasa ipumzike kidogo. Nataka niwaeleze kuhusu vigari vya rimoti, na msicheke, maana hapa Tunduma nimeona watu wazima na ndevu zao wakitaka kushikana mashati kwa ajili ya hivyo vigari.

Mchezo wenyewe uko hivi. Jumapili jioni vijana wachache, wengi wao mafundi simu, wanachora njia kwenye kiwanja cha vumbi na kupanga matairi chakavu ya malori, ambayo hapa mpakani si shida kuyapata. Kila mwenye kigari anachanga, mwenye mzunguko wa haraka kuliko wote anaondoka na mchango. Ugomvi ulikuwa mmoja tu: nani kashika saa? Saa ilikuwa simu ya mkononi, na aliyeishika kila mara alikuwa rafiki wa mtu.

Hebu tupige hesabu. Kigari cha kilomita 36 kwa saa kinakula mita 10 kila sekunde. Kidole cha binadamu kinaweza kuchelewa sekunde 0.2 baada ya jicho kuona. Hapo kigari kimeshapita mita 2, na chenyewe kina urefu wa sentimita 40 hivi. Yaani hata mtu mwaminifu anaweza kukosea kwa urefu wa vigari vitano. Asiye mwaminifu je?

Aliyekuwa anaumia ni dogo mmoja anayejifunza ufundi. Kigari chake amekiunga kwa vipuri vya vigari vilivyokufa, na muda wake ulikuwa hauaminiki, kwa sababu hana rafiki wa kushika saa.

Kwenye mashindano makubwa duniani kila kigari hubeba kifaa kidogo kinachotuma namba yake. Chini ya mstari hufukiwa waya unaoipokea, na kompyuta inaandika. Marathoni nyingi nazo hutumia wazo hilohilo, kwa chipu iliyobandikwa kwenye namba ya mkimbiaji. Sisi hatukuwa na hela hiyo. Tukachomoa jicho la rimoti kwenye televisheni mbovu, tukaliunga na kibao cha Arduino. Upande wa pili wa njia tukaweka taa ya mwanga usioonekana, kama ile ya rimoti. Kigari kikikata mwanga, saa inaandika.

Jua likatusumbua, tukalificha jicho ndani ya kipande cha bomba jeusi. Kigari kimoja kikahesabiwa mara mbili, gurudumu la mbele na la nyuma, tukaiambia programu isihesabu tena mpaka zipite sekunde 3. Vikipita viwili sambamba, mwanga haujui kipi ni cha nani. Dawa yake ni ya zamani: tangu Safari Rally ianze mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yanaachiana nafasi na kila moja linashindana na saa. Nasi tukaviachia kimoja kimoja.

Nilimkumbuka Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. John Walker, akiwa nyumbani kwao, alikuwa wa pili kwa sekunde 32.5. Pengo la sekunde 0.3 tu, mbele ya watazamaji wa Walker! Bila saa ya kuaminika, mtoto wa Karatu angeanza kubishana na nani?

Basi Jumapili ile dogo akapita mara tatu. Akawa wa pili, nyuma kwa sekunde 0.31, na mchango wake ukaenda kwa mwingine. Nilidhani atanuna. Akaomba kalamu, akanakili namba zake kwenye daftari, kisha akauliza: kwa nini tunachukua mzunguko mmoja bora, tusichukue wastani wa yote mitatu? Maana yake mitatu ilikuwa karibu sawa, na ya mshindi mmoja ulikuwa mzuri, miwili hovyo.

Ubishi ukaanza upya, lakini safari hii ulikuwa ubishi wa kanuni. Hakuna aliyemwita mwenzake mwongo. Mimi niko upande wa wastani. Ninyi je?

Naomba kutoa hoja.