Tunduma, Kabla ya Hamburg

Mwaka 2003 Tunduma ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulikuja baadaye sana, 2016. Sisi tulikuwa tumefunga nyumba ya kambini Mbalizi tukarudi kwa bibi mzaa baba, kusubiri. Baba, meja wa JWTZ, alikuwa ametangulia Ujerumani: kwanza kusoma lugha huko Hürth, karibu na Köln, kisha kozi ya unadhimu katika chuo cha maofisa cha Hamburg. Chuo hicho hupokea maofisa wa nchi zisizo za NATO tangu miaka ya 1960, na wanaosoma huko huruhusiwa kwenda na wake na watoto wao. Kwa watoto wa kambini hilo lilikuwa jambo geni. Baba akienda kozi nje, tulizoea kubaki na kuhesabu miezi. Safari hii tuliambiwa jiandaeni, mtafuata.

Baba aliandaliwa na jeshi: pasi, chanjo, tiketi, posho, hata mtu wa kumpokea uwanja wa ndege. Mama alipewa karatasi moja yenye orodha ya viambatanisho. Basi.

Cha kwanza katika orodha kilikuwa vyeti vya kuzaliwa. Watoto wa siku zile wengi tulikuwa na kadi ya kliniki tu, na ilitosha kutuandikisha shule. Kadi yangu ilikuwa na jina la babu, daftari la shule lilikuwa na jina la baba, na katika faili la jeshi herufi moja ya ukoo wetu ilikuwa imepotea. Mama akawa mtu wa kupanda Hiace kwenda Vwawa alfajiri na kurudi jioni mikono mitupu. Mara mhusika hayupo, mara kitabu kimejaa. Siku moja kila kitu kilikuwa tayari ila muhuri: umefungiwa kwenye droo, na mwenye ufunguo yuko msibani. Mama alikaa kwenye benchi la ofisi ile mpaka mwenye ufunguo akarudi na udongo wa makaburini kwenye viatu. Alipewa pole na muhuri kwa pamoja.

Kadi ya njano ya chanjo ndiyo iliyopatikana bila jasho. Tunduma ni mpaka wa Tanzania na Zambia. Sindano ile wanaijua madereva wote wa malori. Tulipanga foleni katikati yao, na dereva mmoja akampa mdogo wangu biskuti ili asilie.

Halafu yakaja makoti. Juni na Julai upepo wa Tunduma hukata, watu hushinda na masweta, kwa hiyo baridi ya Ulaya haikututisha inavyotakiwa. Baba alipiga simu kuonya kwamba sweta si kitu kule. Mama akatupeleka sokoni kwenye mitumba.

Makoti mazito yalikuwa ya mwisho kuuzwa. Belo likifunguliwa, akina mama hugombea blauzi na suruali za watoto. Makoti hurushwa pembeni kusubiri walinzi wa usiku, au utingo wa malori yaliyolala foleni ya kuvukia Nakonde. Mama alichutama kwenye lundo hilo peke yake. Alikuwa na utaratibu: anaingiza mkono mifukoni, anageuza bitana, anapandisha na kushusha zipu, mwisho ananusa kwapa. Zipu ikikwama, linarudi chini. Muuzaji alimtazama kwa muda mrefu.

"Mama, huyu mtoto unamnunulia blanketi lenye mikono?"

"Namnunulia koti la Ulaya."

"Sasa si limetoka huko huko?"

Genge zima lilicheka, na mama naye akacheka, lakini hakuacha kuvuta bei. Muuzaji anataja kwacha, yeye anajibu kwa shilingi. Langu lilikuwa la bluu iliyoiva, mikono ikinifika kwenye kucha. Lilinifaa Hamburg mpaka likaanza kunibana.

Hayo yote yalikuwa mepesi mbele ya jambo moja. Tulikuwa watoto watatu pale nyumbani, na karatasi ilitambua wawili. Wa tatu alikuwa mtoto wa marehemu shangazi, dada yake baba. Alikuja kwetu bado ananyonya, akamwita mama "mama" kwa sababu hakumjua mwingine. Tulilala naye kitanda kimoja, viboko tuligawana. Kambini hakuna aliyewahi kuuliza huyu ni wa nani. Fomu iliuliza.

Mama alijaribu. Alimwandika katikati, kati yangu na mdogo wangu, kama umri wake ulivyokuwa. Ofisa mmoja, kwa upole kabisa, akaonyesha kwa kalamu kwamba kwa tarehe zile mama angekuwa amejifungua mara mbili ndani ya miezi mitano. Akakata jina lake kwa mstari mmoja ulionyooka.

Jioni ile bibi aliongea zaidi ya kawaida yake. Wazazi wake walikuwa wameyaona majeshi kwa macho. Novemba 1918 kikosi cha Wajerumani cha Lettow-Vorbeck, kikikwepa Waingereza, kilipita pande hizi kikafika Fife, ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde, kikaendelea hadi Kasama. Tarehe 25 mwezi huohuo kiliweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Wanakijiji walikimbilia porini na ulezi wao, maana jeshi lenye njaa halina adabu. Lakini walichokisimulia nyumbani kwa bibi ni msafara wa nyuma: wake wa askari, wapagazi, na watoto waliozaliwa njiani.

"Mke wa askari alitembea na sufuria kichwani na mtoto mgongoni," bibi alisema. "Nani alimuuliza cheti?"

"Mama, hawa wa sasa wanauliza," mama akamjibu.

"Basi huyu niachie mimi. Ni mjukuu wangu, hapotei."

Wakati ule niliona bibi amemaliza tatizo. Leo naona alimwondolea mama lawama, akaibeba mwenyewe. Mtoto mwenyewe hakuulizwa na mtu.

Siku za mwisho zilikwenda kwa kufunga mizigo. Bibi alitaka tubebe dona, maharage, dagaa wa Mpulungu, hata kipande cha nyama iliyokaushwa. Baba akasema kwenye simu kwamba unga sawa, dagaa tutaona, nyama msithubutu. Tulipanda treni ya TAZARA kwenda Dar es Salaam, wakatusindikiza stesheni majirani nusu mtaa. Binamu yangu alikuja na sweta langu jekundu. Nilikuwa nimempa kwa sababu mimi nilikuwa na koti.

Tuliporudi alikuwa amenipita kwa urefu, anamwita bibi "mama" na mama yangu "shangazi". Hakuna aliyemsahihisha. Sasa ana familia yake, analima mahindi upande wa Mpemba, na tukikutana tunazungumza vizuri tu, kuhusu bei ya mbolea na foleni ya malori.

Kwa mama yeyote wa kambini anayeambiwa leo kwamba jiandae, mtafuata: makoti yatapatikana, hata dakika ya mwisho. Anza na mtoto wa ndugu unayemlea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina njia ya malezi kupitia Ustawi wa Jamii, na ina njia ya kuasili kupitia Mahakama Kuu. Zote mbili huchukua muda mrefu kuliko amri ya uhamisho, kwa hiyo nenda kabla amri haijafika.