Meli ya bati na mkono wa mtoto

KATIKA mji wa Nuremberg, Ujerumani, kuna makumbusho ya vitu vya kuchezea yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo mna magari, meli na treni za bati ambazo watoto walizisukuma sakafuni zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Enzi hizo kampuni ya Bing ilikuwa mjini humo, na Märklin, iliyoanza mwaka 1859, ilikuwa Göppingen. Bati lilikatwa, likakunjwa, likaungwa, kisha likapakwa rangi kwa brashi, kimoja baada ya kingine. Baadaye mashine zilichapa picha juu ya bati lenyewe, na kazi ya mkono ikapungua. Ndiyo maana vile vilivyopakwa kwa mkono vinatafutwa sana leo.

Mkusanyaji huangalia rangi kwanza. Mikwaruzo michache huivumilia. Asichotaka ni meli iliyopakwa upya, maana thamani yake hushuka. Kwa hiyo rangi ya zamani huachwa ilivyo.

Hapo ndipo penye mtihani kwa mkusanyaji aliye mzazi. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi za aina hiyo kwenye vitu vya watoto mwaka 1978, wakati meli hizi zilikuwa tayari zimezeeka. Rangi ileile inayoipa meli bei yake ndiyo inayoifanya isifae kuchezewa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Linaeleza pia kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kilekile alichomeza. Madhara huwa kwenye ubongo: uwezo wa kujifunza, umakini na tabia. Mara nyingi mtoto haonyeshi dalili mapema. Kipimo cha damu ndicho kinachoonyesha.

Sasa mfikirie baba aliyetafuta meli moja kwa miaka mingi. Mwanawe wa miaka miwili anainyooshea mikono. Baba anatamani kumpa, kwa kuwa furaha anayoitafuta kwenye bati hilo ni ya utotoni. Lakini mtoto wa umri huo hutia kila kitu mdomoni, na rangi kuukuu hubanduka vipande na vumbi.

Kumnyima si uchoyo. Meli ikae kabatini, nyuma ya kioo, juu asikofika. Baba akiishika, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mwanawe. Asiipige msasa nyumbani. Vumbi lafutwe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe.

Mtoto naye apewe gari lake, la leo, ambalo akilitafuna hakuna atakayeshtuka. Hadithi ya meli itamsubiri akue.